Kusomea theolojia na uchungaji Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yakishatoka, simu zinaanza. Kijana wa kwaya anauliza shule, mama wa kikundi cha maombi anauliza kama umri wake bado unaruhusu, mzee wa kanisa anauliza kwa niaba ya mtoto wa dada yake. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili yao. Ninatumika upande wa Waprotestanti, kwa hiyo ndiko nitakokaa zaidi, lakini ndugu zetu Wakatoliki nao watapata kitu humu. Wa Bukavu na Lubumbashi pia.

Jambo moja nalisema mapema, kwa sababu ndilo linalonisumbua kila ninaposindikiza wanafunzi wa staji (mazoezi ya kazi) hospitalini. Ukienda kuchagua shule, usiulize kwanza nani atakufundisha kuhubiri. Uliza nani atakwenda nawe hadi kando ya kitanda cha mgonjwa, asikilize unavyosema, kisha akusahihishe. Shule isiyo na mtu huyo itakupa diploma, lakini kazi ya uchungaji utaijifunzia juu ya migongo ya watu.

Nina wito. Je, ni lazima nisome? Roho Mtakatifu si anatosha?

Wito hautolewi na chuo. Chuo kinakusaidia usiuharibu. Mitume walikaa na Bwana kabla ya kutumwa. Timotheo alilelewa katika imani na bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kisha akatembea na Paulo kabla ya kuachiwa kanisa. Roho anafundisha, na Waefeso 4:11 inaonyesha njia mojawapo anayoitumia: inawataja wachungaji na walimu pamoja, kama zawadi kwa kanisa.

Angalia pia wanaobisha hodi kwa mchungaji wa Goma. Mama aliyebakwa akitafuta kuni. Baba aliyeacha ng'ombe na shamba Masisi na sasa analala sebuleni kwa shemeji yake. Kijana anayesikia sauti usiku. Familia mbili zinazogombania mwili wa marehemu. Ukiingia hapo na moyo mzuri tu, bila maarifa, unaweza kuua.

Wala sitii chumvi. Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa hapa Goma alikuwa mchungaji. Alikuwa Butembo, alihubiri katika makanisa na kuwawekea mikono watu, wakiwemo wagonjwa, kisha akapanda basi kurudi. Simlaumu, alifanya alichofundishwa kuwa ni upendo. Nawauliza walimu wake na sisi sote: nani alimfundisha jinsi ya kumwombea mgonjwa wakati wa ugonjwa wa kuambukiza? Tangu hapo swali hilo halitakiwi kukosa katika masomo yetu.

Shule ya Biblia, chuo kikuu, seminari: tofauti ni nini?

Shule ya Biblia huwa ya jumuiya fulani, yaani dhehebu, inafundisha kwa Kiswahili, kwa kawaida miaka miwili au mitatu, na inaandaa wainjilisti na wachungaji wa mitaa na vijiji. Usiidharau. Wengi wanaobeba kanisa la Kivu mabegani wametoka huko.

Chuo kikuu kinafundisha kwa Kifaransa na kinatoa diploma inayotambuliwa na Serikali. Hapa Goma tuna ULPGL (Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu), iliyoanza mwaka 1985, yenye kitivo cha theolojia. Bukavu kuna UEA (Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika). Bunia kuna Chuo Kikuu cha Shalom, kilichoanza mwaka 1961 kama taasisi ya theolojia. Katanga, Wamethodisti wana Mulungwishi, mahali palipozoea kuandaa wachungaji tangu zamani, na Lubumbashi kwenyewe kuna chuo kikuu cha Kiprotestanti.

Seminari kuu ni njia ya mapadre. Falsafa inatangulia, theolojia inafuata, na malezi ya kiroho yanakwenda pamoja na masomo siku zote. Murhesa karibu na Bukavu na Saint-Paul ya Lubumbashi zinajulikana na kila mtu. Huko huendi kujiandikisha mwenyewe; paroko na askofu ndio wanaokutuma.

Kabla ya kulipa chochote, nenda kwa viongozi wa jumuiya yako. Tangu 1970 Waprotestanti wako chini ya mwavuli wa ECC (Kanisa la Kristo Kongo), na kila jumuiya ina namba yake: CBCA ya Wabaptisti ni ya 3, CELPA ya Wapentekoste ya 5, CEPAC ya Wapentekoste pia ya 8. Kila moja ina shule inazozitambua na nyingine isizozitambua. Kuna watu waliosoma miaka mitano, wakarudi na diploma nzuri, wakaambiwa kanisani kwamba shule hiyo haijulikani. Maumivu hayo unaweza kuyaepuka kwa ziara moja ofisini.

Masharti ya kuingia ni yapi?

Kwa chuo kikuu: diploma ya Serikali, barua ya kanisa inayothibitisha maisha na utumishi wako, na karatasi za kawaida. Vitivo vingi vinafanya pia mahojiano au mtihani mdogo. Kwa shule ya Biblia, nyingi hazidai diploma ya Serikali, bali zinataka ujue kusoma na kuandika vizuri na uwe umeshatumika.

Barua ya kanisa isiwe ya kubembelezwa. Mzee wa kanisa asiyekufahamu akikuandikia sifa, amekudhuru wewe na kanisa utakalopewa.

Kifaransa changu ni cha kubahatisha. Nifanye nini?

Una njia mbili, na zote ni za heshima. Ya kwanza ni kuanza na shule ya Biblia kwa Kiswahili, huku ukisoma Kifaransa jioni. Ya pili ni kuingia chuo kikuu na kukubali kwamba mwaka wa kwanza utakuwa mzito. Ukifuata ya pili, soma kurasa chache za Biblia kwa Kifaransa kila siku kwa sauti, kwa sababu hadithi unazijua tayari na maneno yatakuja yenyewe.

Lakini usikiache Kiswahili chako. Kuna wahitimu wanaorudi na Kifaransa kizuri na kushindwa kumfariji mama wa Kanyaruchinya kwa lugha anayolilia. Kila somo unalolipata kwa Kifaransa, lieleze kwa Kiswahili nyumbani jioni hiyohiyo. Likikataa kuelezeka, hujalielewa bado.

Masomo yanachukua miaka mingapi?

Zamani tulihesabu graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia mfumo wa LMD: licence miaka mitatu, masta miwili, doktora mitatu au zaidi. Ukisikia mchungaji mzee anasema ana "licence", yake ni miaka mitano. Ya kijana wa leo ni mitatu. Kwa Wakatoliki hesabu ni ndefu zaidi, maana mara nyingi kuna mwaka wa maandalizi na mwaka wa staji katikati.

Darasani tunajifunza nini hasa?

Biblia ndiyo inayochukua nafasi kubwa: Agano la Kale, Agano Jipya, na namna ya kulifasiri andiko bila kulilazimisha. Kuna mafundisho ya imani, yaani jinsi kanisa lilivyomkiri Kristo pale Nisea mwaka 325 na Kalkedonia mwaka 451. Kuna historia, na hapo wengi hushangaa kukuta Afrika tangu mwanzo: Augustino wa Hippo (354–430) alikuwa askofu kaskazini mwa bara hili. Ibada, kuhubiri, uongozi na mahesabu ya kanisa vipo pia. Hesabu msiziruke, ndugu zangu. Sadaka isiyoandikwa imevunja makanisa mengi kuliko uzushi.

Theolojia ya Afrika inastahili muda wako. Kongo si mgeni katika mjadala huo: mwaka 1960, pale chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, Tharcisse Tshibangu akiwa bado mwanafunzi alimjibu profesa wake, Alfred Vanneste, kuhusu kama inawezekana kuwa na theolojia ya Kiafrika. Mwaka 1988 Roma ilikubali misale (kitabu cha Misa) ya majimbo ya Zaire, ile ambayo watu huiita ibada ya Zaire. Kä Mana, aliyefariki hapa Goma mwaka 2021, alitumia maisha yake akiuliza imani ina kazi gani katika kuijenga upya Afrika. Ukimaliza masomo bila kukutana na maswali haya, dai sehemu iliyobaki.

Halafu kuna maadili. Kwa somo hili Goma ina mwalimu wake. Floribert Bwana Chui, kijana mlei, alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipitishwe kwa watu, na mwaka 2007 akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri huko Roma. Mimi si Mkatoliki, lakini ningetaka kila mwanafunzi wangu amfahamu, kwa sababu waumini wetu wanaulizwa "kitu kidogo" kila siku na wanataka kujua mchungaji anasema nini.

Kigiriki na Kiebrania vitanisaidia nini hapa mtaani Ndosho?

Chukua Marko 16:18, "watashika nyoka, hata wakinywa kitu cha kufisha, hakitawadhuru kabisa." Andiko hili linanukuliwa sana katika vyumba vya maombi, na kuna wanaolijaribu Mungu kwalo. Mwanafunzi aliyefundishwa anajua kwamba katika hati mbili za kale sana za Kigiriki, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, Injili ya Marko inaishia kwenye mstari wa 8. Mistari inayofuata haimo. Akijua hivyo hataitupa. Kanisa limeisoma karne nyingi. Lakini hatamruhusu mtu anywe sumu kwa kuitegemea. Hiyo ndiyo faida, na inatosha kuvumilia majedwali ya vitenzi.

Kama shule yako haifundishi lugha hizo, jizoeze kulinganisha tafsiri: ile ya Union ya mwaka 1952, Habari Njema, na ya Kifaransa. Zikitofautiana, hapo ndipo pa kuchimba.

Huduma ya kichungaji inafundishwaje? Si ni tabia ya mtu tu?

Tabia inasaidia, lakini kuna mengi ya kujifunza. Gregori Mkuu, aliyekuwa papa tangu mwaka 590, aliandika kitabu kizima kwa wachungaji, na sehemu yake ndefu kuliko zote inafundisha kwamba watu hawaonywi kwa namna moja: mwenye huzuni ana neno lake, mwenye furaha lake, tajiri lake, maskini lake. Karne kumi na nne zimepita, na bado tunakutana na wahubiri wenye jibu moja kwa wote.

Namna ya kufundisha tunayoitumia leo katika staji ina mizizi ya mwaka 1925. Anton Boisen, mchungaji Mmarekani ambaye yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwapokea wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts. Alitaka wawasome watu kwa uangalifu uleule wanaoutumia kusoma vitabu.

Inafanyika hivi. Mwanafunzi anamtembelea mgonjwa. Harekodi kitu. Akitoka anakaa pembeni na kuandika kwa kumbukumbu mazungumzo yote, neno kwa neno, pamoja na ukimya na machozi. Majina yanaondolewa. Kisha anaisoma taarifa hiyo mbele ya wenzake wachache na msimamizi. Mfano ufuatao nimeuunganisha kutoka taarifa mbalimbali, asitambulike mtu:

Mwanafunzi: Mama, habari ya asubuhi? Mimi ni mwanafunzi wa uchungaji. Naweza kukaa kidogo?
Mama: Kaa, mwanangu.
Mwanafunzi: Mnaendeleaje?
Mama: Walikata mguu. Jana.
Mwanafunzi: Pole sana, mama. Ila tumshukuru Mungu, uhai umebaki.
Mama: Ndiyo. Tumshukuru.
Mwanafunzi: Basi tuombe.

Darasa zima kwanza husema ni ziara nzuri. Amesalimia, ameomba ruhusa, amemtaja Mungu, ameomba. Kisha msimamizi anauliza: mmejua nini kuhusu mama huyu? Hakuna. Alikuwa ameanza kusema, na shukrani ikamfunga mdomo. Akajibu kwa adabu, kama mtu mzima anavyomjibu mtumishi wa Mungu, na maombi yakapanda juu ya jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Kesho yake mwanafunzi anarudi. Safari hii anasema tu, "Mama, jana uliniambia juu ya mguu," halafu ananyamaza. Ukimya unakuwa mrefu, unamchoma. Mama anaanza. Anauza mbogamboga Birere. Anazibeba mwenyewe kutoka juu. Atabeba vipi? Mtoto wake wa mwisho hajui bado, ameambiwa mama ana malaria. Na usiku anaota mguu upo. Sasa wana cha kuombea. Mara nyingi mgonjwa ndiye anayeomba, na mwanafunzi anasema amina.

Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayubu 2:13). Hadi hapo walikuwa wachungaji wazuri. Walipoanza kueleza ndipo walipomuumiza.

Kuna adabu za wodini ambazo tunazifundisha kabla ya kumruhusu mtu aingie. Muone kwanza muuguzi wa zamu. Nawa mikono ukiingia na ukitoka. Usikae kitandani. Usimguse mgonjwa bila kumuuliza, wala usimwombee bila kumuuliza. Punguza sauti, kwa sababu vitanda vingine vina watu wenye maumivu na wenye imani nyingine. Usiahidi uponyaji kwa siku au saa. Na kamwe, kwa hali yoyote, usimwambie mtu aache dawa: za virusi vya UKIMWI, za kisukari, za kifafa, zozote. Mwanafunzi akivunja hili la mwisho, kwangu staji yake imeishia hapo.

Kilioni nako ni darasani. Nenda, kaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wengine, changia ulicho nacho, saidia kubeba maji. Ukipewa neno, lifupishe. Matanga si mahali pa kuwahukumu waliokufa ili kuwatisha walio hai.

Ni wakati gani nimpeleke mtu kwa daktari?

Mapema kuliko unavyodhani. Mtu asiyelala siku nyingi, anayesikia sauti, anayesema anataka kufa, anayekataa kula, huyo anahitaji maombi yako na anahitaji pia mtaalamu. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo. Bukavu wana SOSAME, nacho kituo cha wagonjwa wa akili, na Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain. Msindikize mwenyewe mara ya kwanza. Ukimwambia "nenda" tu, familia itaelewa kwamba umemkatia tamaa.

Aliyebakwa afike hospitalini ndani ya saa 72, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. HEAL Africa hapa Goma na Panzi Bukavu wanapokea. Mfungo wa siku tatu unaweza kuanza baadaye. Saa hizo hazirudi.

Dr Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji na mwenyewe ni mchungaji. Amesimulia jinsi alivyokuwa akifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, na jinsi siku moja mbele ya mtoto mgonjwa alivyoona kwamba baba anaomba lakini hana dawa ya kutoa. Akaamua kuwa mtu wa dawa. Hospitali ya Panzi, iliyoanza mwaka 1999, iko chini ya jumuiya ya CEPAC. Anayesema maombi na hospitali vinapingana, apande boti hadi Bukavu akaone.

Na mtoto anayesemekana ni mchawi?

Hapa sitazunguka. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria inaadhibu. Mchungaji anayemtaja mtoto kuwa chanzo cha kifo au cha umaskini wa nyumba anamtupa mtoto huyo barabarani, na tunawaona hapo rond-point wakilala kwenye maboksi. Familia ikikuletea mtoto wa namna hiyo, kwanza hakikisha amekula na atalala salama. Kisha uliza nyumbani kuna nini: mara nyingi ni yatima, ni mtoto wa mke wa kwanza, ana kifafa, au anakojoa kitandani kwa sababu ya aliyoyaona vitani. Msome, msikilize, mpeleke kwa daktari. Bwana aliwakumbatia watoto, akaweka mikono yake juu yao, akawabarikia.

Mtu akiniambia siri, nimwambie nani?

Usimwambie mtu. Wala mkeo, wala usiitumie kama mfano wa mahubiri "bila kutaja jina", kwa sababu mtaa mzima wa Majengo utajua ni nani. Kwa Wakatoliki, siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote (kanoni 983). Sisi Waprotestanti hatuna sakramenti hiyo, lakini tuna wajibu wa kutunza yale tuliyokabidhiwa.

Uhai ukiwa hatarini, mambo yanabadilika. Mtoto anayeumizwa hatunzwi kwa kunyamaza. Kabla mtu hajaanza kusimulia, mwambie wazi: nitatunza siri yako, isipokuwa kama kuna mtu atakayedhurika. Na ubakaji haumalizwi kwa mbuzi wawili kati ya familia mbele ya wazee wa kanisa. Tangu sheria ya Julai 2006, ni kosa la jinai lenye adhabu nzito, na mchungaji anayesimamia "mapatano" hayo anamsaidia mwenye kosa.

Mimi ni mwanamke. Nitapokelewa?

Darasani ndiyo, bila shida. Kuwekewa mikono kunategemea jumuiya yako. Wamethodisti walikubali kikamilifu uchungaji wa wanawake mwaka 1956. Ndani ya ECC baadhi ya jumuiya zinawaweka wakfu, nyingine bado. Wakatoliki hawatoi upadre kwa wanawake, lakini masista na walei wanasoma na kufundisha theolojia. Uliza mapema ili ujue unaingia wapi.

Msimamo wangu hauna siri: wodini, wanawake wengi hawatamwambia mwanaume yaliyowapata. Kanisa linalofunga mlango kwa wachungaji wanawake limewaacha kina mama hao peke yao. Tafuta maandiko ya Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake, walioanzisha mwaka 1989 mtandao wa wanateolojia wanawake wa Afrika. Utaona hukuanza wewe.

Pesa nitatoa wapi?

Omba orodha kamili ya malipo kwa maandishi: minervali (ada ya masomo), kuandikishwa, staji, kusimamiwa kazi ya mwisho, na siku ya kuitetea. Wengi wanakwama mwishoni, kwa malipo ambayo hawakuyajua. Benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, malipo mengi yalihamia kwenye simu. Chochote utakacholipa, dai risiti.

Wanaofaulu kumaliza huwa wameunganisha vyanzo: mchango wa kanisa, AVEC (kikundi cha kuweka na kukopa) ya mama nyumbani, kazi ya asubuhi. Kuna wanafunzi wa theolojia wanaoendesha moto (pikipiki) na wengine wanafundisha shule ya msingi. Kanisa likikutuma, liandike litachangia nini na kwa muda gani. Ahadi ya madhabahuni husahaulika mchungaji kiongozi akihamishwa.

Nina mke na watoto. Wao wanaingiaje?

Mkeo ataitwa Mama Mchungaji siku utakapopewa parokia, apende asipende, na watu watamletea shida zao kabla ya kukuletea wewe. Tafuta shule yenye masomo kwa ajili ya wake au waume wa wanafunzi. Kama haipo, msomee nyumbani ulichojifunza. Na umuulize kabla ya kuamua, si baada ya kuandikishwa.

Naweza kusoma kwa intaneti au nikiwa kijijini?

Unaweza, kwa sehemu. Kuna njia ya zamani inayofaa sana kwetu: masomo ya theolojia kwa vituo, yaliyoanzia Guatemala mwaka 1963 katika seminari ya Wapresbiteri. Mwanafunzi anabaki na kanisa lake na shamba lake, anasoma vitabu nyumbani, na kila wiki au mwezi wanakutana na mwalimu kituoni. Haidai umeme wala mtandao.

Kwa intaneti, jihadhari na vyuo vinavyouza "doktora" ndani ya miezi michache. Uliza kama Serikali na kanisa lako vinaitambua diploma yao. Hata kozi ikiwa nzuri, sehemu ya kichungaji isomee hapa, ukisimamiwa na mtu mwenye macho.

Hali ya Goma ilivyo, inafaa kuanza sasa?

Mji huu haujawahi kumsubiri mwanafunzi. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikarudi tarehe 22 Mei 2021 na watu wakakimbilia Sake na Gisenyi. Januari 2025 vita viliingia mjini, na mwezi uliofuata kambi kama Bulengo na Lushagala zikabomolewa, watu wakarudi kwenye vijiji ambavyo vingine havina nyumba tena. Masomo yalisimama, yakaendelea.

Kama familia yako iko hatarini, ihamishe kwanza, chuo kitasubiri. Kama mko salama, anza. Lakini ujue utasomea kati ya waliofiwa, nawe huenda umefiwa. Tafuta mtu wa kukusikiliza wewe, mzee wa imani asiye msimamizi wako wa masomo. Wanafunzi wanaobeba vilio vya wengine juu ya kilio chao ambacho hakijasikilizwa huvunjika ghafla, mara nyingi wale hodari.

Theolojia haitapoza imani yangu?

Mwaka wa kwanza unaweza kukutikisa. Utasoma mambo ambayo mwalimu wako wa shule ya Jumapili hakukuambia. Usiyafiche, yalete kwa mwalimu unayemwamini na kwa Mungu katika maombi. Zaburi nyingi ni maswali. Wanaopoa, kwa nilivyoona, ni wale walioacha kuomba na kuacha kutembelea watu ili wapate muda wa kusoma.

Nikimaliza, nitapata kazi wapi?

Kwa kawaida kanisa linakupa kipindi cha majaribio chini ya mchungaji mzoefu, kisha kuwekewa mikono, kisha linakutuma linapotaka. Huenda ikawa Goma mjini, huenda ikawa Walikale. Mshahara unategemea sadaka za mahali, na sehemu nyingi hautoshi. Jifunze kilimo, ufugaji au ufundi bila aibu. Paulo alishona mahema.

Kuna kazi nyingine ambazo watu hawazifikirii: kufundisha dini shuleni, kuwa mchungaji wa hospitali, kuwahudumia wafungwa, kutumika katika mashirika yanayosaidia waathirika wa vita. Hospitali hasa zinahitaji watu. Kama staji yako ya wodini ilikwenda vizuri, omba barua ya msimamizi wako kabla hajahamishwa, na uitunze pamoja na diploma.

Nina miaka 50. Je, nimechelewa?

Hapana. Shule za Biblia na vituo vinapokea watu wazima kila mwaka. Katika wodi, mtu aliyezika wazazi na kulea watoto huwa na subira ambayo kijana wa miaka 22 bado anaitafuta. Nenda ofisi ya jumuiya yako wiki hii na barua ya mzee wa kanisa anayekufahamu, ukaulize tarehe ya kuandikishwa.